Demetrius hakufutwa dawa machoni: uzi wa mapenzi, ndoto na uchawi katika tamthilia ya Shakespeare

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna jambo katika tamthilia ya William Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, ambalo watazamaji wengi hulipita kwa sababu wanatoka ukumbini wakicheka. Hapa nitaiita "Ndoto" kwa kifupi. Mwishoni kuna harusi tatu kwa mpigo. Bwana harusi mmoja, Demetrius, anaoa akiwa bado ana dawa ya mapenzi machoni. Wenzake waliopakwa walifutwa kabla hakujapambazuka. Yeye hakufutwa, na hakuna anayemwambia. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo moyo wa tamthilia nzima, na ndilo ninalotaka tulijadili.

Kwanza kisa, kwa wasiokijua.

Tupo Athens, Ugiriki ya hadithi za kale. Mtawala Theseus amebakiza siku nne amwoe Hippolyta, malkia wa Waamazoni (wanawake wapiganaji wa hadithi), ambaye yeye Theseus alimshinda vitani. Mwenyewe anamwambia wazi kwamba alimposa kwa upanga. Mara anaingia mzee Egeus na binti yake Hermia, amekuja kumshtaki. Baba anamtaka Demetrius awe mkwe, binti anamtaka Lysander. Sheria ya Athens inasema binti asiyetii atauawa, au, kama Theseus anavyoongeza, aishi utawani bila mume maisha yake yote. Anapewa muda hadi mwezi mpya uandame.

Sasa sikilizeni mashtaka ya mzee huyu. Anamnyooshea kidole Lysander na kusema: huyu kamroga mwanangu. Kamroga kwa nini? Kwa mashairi. Kwa kumwimbia dirishani usiku wa mbalamwezi. Kwa bangili zilizosukwa kwa nywele zake, pete, vijizawadi, maua, vitu vitamu. Yaani uchawi unatajwa mara ya kwanza mahakamani, mchana kweupe, kabla hatujaona jini hata mmoja, na anayeutaja ni baba aliyeshindwa kuelewa kwa nini mwanawe amependa mtu asiyemchagua yeye. Shakespeare ametupa mapema kipimo cha kupimia yote yatakayofuata msituni.

Lysander na Hermia wanapanga kutoroka usiku waende kwa shangazi yake Lysander, mjane mwenye mali asiye na mtoto, anayekaa mbali ambako sheria ya Athens haifiki. Wanamwambia Helena, rafiki wa Hermia tangu utotoni. Helena naye anampenda Demetrius, ambaye zamani alimwapia mapenzi kisha akamwacha kwa Hermia. Akitafuta walau shukrani, Helena anamtobolea Demetrius siri. Usiku huo wote wanne wako msituni.

Msitu una wenyewe. Mfalme wa majini, Oberon, amegombana na mkewe Titania kuhusu mtoto wa Kihindi. Oberon anamtaka awe mtumishi wake, Titania hamtoi. Sababu anayoitoa Titania ni maneno mazuri kuliko yote katika tamthilia, kwa maoni yangu. Mama wa mtoto alikuwa mfuasi wake. Walikuwa wakikaa pamoja mchangani usiku, pwani ya India, wakitazama merikebu za wafanyabiashara, matanga yamefura kwa upepo kama matumbo ya wajawazito. Yule mama, mwenyewe mjamzito, alikuwa akiigiza mwendo wa merikebu, anateleza mchangani kwenda kumletea vitu vidogo vidogo na kurudi kama aliyetoka safarini na shehena. Kisha akafa akijifungua. "Kwa ajili yake ninamlea mwanawe," anasema Titania, "na kwa ajili yake sitaachana naye." Msomaji aliyekulia kwenye mwambao wetu, anayejua tanga likishika upepo wa kaskazi, anaiona picha hiyo bila kusaidiwa.

Oberon anaamua kumkomoa. Anamtuma Puck, jini mtundu, alete ua fulani dogo. Cupid, mungu wa mapenzi, aliwahi kumlenga mwanamwali aliyeketi enzini magharibi (wengi wanasoma hapo sifa kwa Malkia Elizabeth I), mshale ukakosa, ukaangukia ua jeupe, likageuka zambarau. Maji ya ua hilo yakitiwa kwenye kope za aliyelala, akiamka atampenda kiumbe wa kwanza atakayemwona, awe simba, dubu au nyani. Puck anaambiwa pia ampake kijana wa Athens anayemdharau binti anayempenda. Anakosea mtu. Anampaka Lysander badala ya Demetrius, kwa sababu nguo zao ni za Athens zote.

Lysander anaamka, anamwona Helena, na papo hapo Hermia hana maana tena. Hapa nawaomba muwe makini. Maneno anayoyatumia Lysander ni ya akili. Anasema mapenzi ya mtu huongozwa na akili, na akili yangu inaniambia wewe ndiye bora. Dawa haijakauka machoni, na yeye anatoa hoja! Sehemu inayofuata, Bottom mfumaji, mwenye kichwa cha punda alichowekewa na Puck, anaambiwa na Titania (naye keshapakwa) kwamba anapendwa. Anajibu kwa upole kwamba hana sababu kubwa ya kumpenda, ila siku hizi akili na mapenzi haviandamani sana. Mwenye kichwa cha punda ndiye aliyeona sawasawa.

Baada ya vurugu, Oberon anatumia ua la pili kuondoa nguvu ya lile la kwanza. Titania anafutwa. Lysander anafutwa, anarudi kwa Hermia. Demetrius, ambaye naye alikuja kupakwa ili ampende Helena, anaachwa hivyo hivyo. Theseus anawakuta asubuhi akiwa mawindoni, anamkatalia Egeus hapo hapo, na wote wanaenda kuoana.

Msimamo wangu ni huu: Shakespeare hakusahau. Aliacha dawa ile makusudi, ili tufurahie ndoa ya Helena huku tukijua imesimama juu ya nini. Karibuni.

#2 Kipepeo wa Usiku

Mkuu, kwa lugha ya mtaani hilo ni limbwata, tusizunguke. Na mimi upande wangu namhurumia Helena. Kila asubuhi ataamka karibu na mume asiyejua kwa nini anampenda. Siku dawa ikiisha je? Hapa tunaambiwa ni vichekesho, lakini ukimweka dada yako mahali pa Helena hucheki.

#3 Mwalimu wa Fasihi

Mleta uzi, uchambuzi mzuri lakini naupinga kwa ushahidi wa Demetrius mwenyewe. Anapoulizwa asubuhi anasema hajui ni nguvu gani, ila ipo nguvu, na mapenzi yake kwa Hermia yameyeyuka kama theluji. Kisha anajifananisha na mgonjwa: katika ugonjwa nilikichukia chakula hiki, sasa nimepona, nimerudiwa na ladha yangu ya asili, nakitamani na nitakitunza daima. Kumbuka alikuwa wa Helena kabla mchezo haujaanza, na alikuwa ameshamwapia. Kilichomtoa kwa Helena hakikuwa ua, na hakuna anayetueleza kilikuwa nini. Kwa hiyo ua limemponya. Wewe unaliita kifungo, mimi naliita tiba.

#4 Mleta uzi

Mwalimu, hoja hiyo ina uzito na ndiyo inayonifanya niipende tamthilia hii. Ila angalia: Lysander alipokuwa amepakwa naye alisema amepata akili. Demetrius anasema amepata afya. Kila aliyepakwa ana maelezo mazuri ya kwa nini yuko sahihi. Tutajuaje kwamba wa pili anasema kweli na wa kwanza alidanganyika? Kwa kuwa mwisho wake unatufurahisha tu.

Na @Kipepeo, neno lako linanipa nafasi ya kuleta jambo linalotuhusu Waafrika moja kwa moja. Kisa cha mtu kugeuka punda na kupendwa na mwanamke wa heshima hakikuanzia kwa Shakespeare. Kimo katika Punda wa Dhahabu wa Apuleius, mwandishi wa karne ya pili aliyezaliwa Madauros, ambayo leo iko Algeria. Tafsiri ya Kiingereza ya William Adlington ilitoka mwaka 1566, kwa hiyo ilikuwapo London wakati Shakespeare anakua. Apuleius mwenyewe alishtakiwa kwa kosa hilo hilo unalolisema. Alimwoa mjane tajiri aitwaye Pudentilla, huko Oea, Tripoli ya leo, na ndugu wa marehemu mume wakadai amemvuta kwa uchawi. Kesi ikasikilizwa Sabratha, akajitetea kwa hotuba ndefu ambayo tunayo mpaka leo. Kwa kifupi aliwaambia: mjane kaolewa, mnashangaa nini? Ni jibu ambalo Lysander angempa Egeus kama angeachiwa nafasi.

#5 Binti wa Bandarini

Mnabishana kuhusu Demetrius, mwanamume aliyepata mke mzuri na usingizi mnono. Mimi nauliza habari za Titania.

Mwanamke ameweka ahadi kwa rafiki yake aliyekufa. Mume anamtia dawa akiwa amelala, anamlaza na punda, anakuja kumcheka, na wakati bado akili si zake anamwomba yule mtoto. Anampa. Oberon anasema hivyo mwenyewe kwa kujisifu: alipompata mtoto ndipo akamwonea huruma, akamfungua. Titania akiamka anamwomba mumewe amweleze imekuwaje amekutwa amelala chini na binadamu. Wanaondoka jukwaani na sisi hatusikii maelezo hayo kamwe. Mtoto hatajwi tena. Yule mama wa mchangani, mwenye kuigiza merikebu, kafutika.

Nimeisoma tamthilia hii mara nyingi na bado sehemu hiyo inaniuma. Mtu asiniambie ni mambo ya majini.

#6 Mleta uzi

Dada, nakuunga mkono, na nakiri sijaona jibu ndani ya maandishi. Kitu pekee ninachoweza kuongeza ni kwamba jukwaa limewahi kujaribu kulijibu. Mwaka 1970 Peter Brook aliiongoza tamthilia hii huko Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, na kampuni ya Royal Shakespeare. Hakuweka msitu. Aliweka kisanduku cheupe kitupu, majini wakining'inia kwenye bembea za sarakasi. Mwigizaji mmoja, Alan Howard, akacheza Theseus na Oberon, na Sara Kestelman akacheza Hippolyta na Titania. Ukiitazama hivyo, usiku wa msituni unakuwa ugomvi ambao Theseus na Hippolyta hawakuusema mchana. Mwanamke aliyeposwa kwa upanga anagombana na mumewe mtarajiwa wakiwa wamevaa majina mengine. Haimponyi Titania, lakini inatulazimisha tumwangalie Hippolyta vizuri zaidi.

Halafu tusisahau Titania ndiye anayetoa picha ya madhara ya ugomvi wao: mito imefurika, ng'ombe dume amevuta jembe bure, nafaka imeoza kabla haijaota ndevu, majira yamebadilishana nguo. Tamthilia hii huwekwa mwaka 1595 au 1596. Miaka hiyo Uingereza ilipigwa na mvua mbaya na mavuno yakaharibika mfululizo. Watu waliolipa senti kusimama uwanjani waliijua bei ya mkate.

#7 Fundi Mbao

Naona hakuna aliyetutetea mafundi. Mimi natengeneza samani, kwa hiyo namshika Snug, fundi mwenzangu. Mafundi wa tamthilia hii ni watu wa kazi: Quince seremala, Bottom mfumaji, Flute fundi wa mivukuto, Snout fundi wa kuziba masufuria, Starveling mshona nguo. Wanafanya mazoezi usiku msituni baada ya kazi ili wacheze mbele ya mtawala. Snug anaomba apewe maneno ya simba yaliyoandikwa kwa sababu yeye si mwepesi wa kukariri. Anaambiwa hakuna cha kuandika, ni kunguruma tu. Wanaogopa simba akinguruma sana mabibi watashtuka na wao watanyongwa, ndiyo maana simba anapaswa kujitambulisha kwamba yeye ni Snug. Watu hucheka hapo, lakini hofu ya fundi mbele ya wakubwa naijua. Siku ya kukabidhi kazi kwenye nyumba ya mkubwa unaongea kwa tahadhari hiyo hiyo.

Na mchezo wao, Pyramus na Thisbe, walioutoa kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, unahusu nini? Vijana wawili waliokatazwa na wazazi, wanapanga kutoroka usiku wakutane nje ya mji, mambo yanaharibika, wanakufa. Waliokaa mbele wakiwadhihaki ni Lysander na Demetrius! Lysander alitoroka juzi kwa sababu hiyo hiyo. Hawajioni. Wangekosa bahati kidogo tu, simba wa kweli angewala kule msituni.

#8 Mleta uzi

Fundi, umenifungua macho. Ongeza hili: inadhaniwa Shakespeare aliandika Romeo na Juliet karibu wakati huo huo. Kisa kile kile, mara moja kimeliza London, mara moja kimepewa seremala na mfumaji wakichekeshe.

#9 Mwanafunzi wa Jioni

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, mbona inaitwa ndoto wakati yote yanatokea kweli? Na je, kuna Shakespeare kwa Kiswahili nianzie hapo?

#10 Mleta uzi

Marahaba. Swali la kwanza ndilo gumu. Ukihesabu, ndoto ya kweli ya usingizini ni moja tu. Hermia amelala msituni, anaota nyoka anautafuna moyo wake na Lysander amekaa anatabasamu akitazama. Anaamka anamwita, Lysander hayupo, ameshapakwa na ameondoka kumfuata Helena. Yaani usingizi umemwambia ukweli kabla macho hayajaujua. Wengine wote wanaita ndoto mambo yaliyowapata wakiwa macho.

Bottom ndiye anayenigusa zaidi. Anaamka peke yake, anajaribu kusimulia, anashindwa. Anasema jicho la mtu halijasikia, sikio la mtu halijaona, mkono hauwezi kuonja. Ukifungua 1 Wakorintho 2:9 utakuta "jicho halikuyaona wala sikio halikuyasikia". Kayachanganya maneno ya Paulo, na katika kuyachanganya amesema kitu cha haki: alichokipata hakina mahali katika hisi zetu. Ndiye binadamu pekee aliyewaona majini uso kwa uso, na anaondoka bila kinyongo wala majivuno, anataka Quince amtungie wimbo.

Theseus hakubali. Anasema mwendawazimu, mpenzi na mshairi wote wameumbwa kwa mawazo matupu. Ni hotuba inayonukuliwa sana, na watu huikata hapo. Hippolyta anamjibu kwamba masimulizi ya wote wanne yanakubaliana, akili zao zimegeuzwa pamoja, na hilo linakuwa kitu chenye uthabiti. Mimi nasimama na Hippolyta.

Kuhusu Kiswahili: Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikatoka 1969. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Anza na Tufani, ina majini na kisiwa, ni jirani ya Ndoto. Na vichekesho vyake vinakubali lugha yetu: mwaka 2012, katika ukumbi wa Globe, London, kundi kutoka Kenya lilicheza Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili.

#11 Kipepeo wa Usiku

Kitu kingine nimekumbuka. Ule muziki wa maharusi wanaotoka kanisani, hata huku kwetu unapigwa kwa kinanda, si ni wa tamthilia hii?

#12 Mleta uzi

Ndiyo. Ni wa Felix Mendelssohn, Mjerumani. Akiwa na miaka 17, mwaka 1826, alitunga utangulizi wa Ndoto, na ukisikiliza kwa makini utamsikia punda wa Bottom analia kwenye fidla. Baadaye, kwa onyesho la Potsdam la 1843, aliongeza vipande vingine, na huo wa harusi ukiwamo. Ulipata umaarufu baada ya binti wa Malkia Victoria kuolewa nao mwaka 1858. Sherehe uliyotungiwa ni hiyo ya harusi tatu, ya Demetrius ikiwa mojawapo.

Jambo la mwisho kwa upande wangu, na ni jibu kwa @Kipepeo aliyemhurumia Helena. Sehemu ya tano yote, baada ya kuolewa, Hermia na Helena wapo jukwaani wanatazama mchezo wa mafundi. Waume zao wanaongea na kutania muda wote. Wao hawana hata mstari mmoja. Mabinti waliopigana maneno msituni hadi mmoja akamwita mwenzake mlingoti uliopakwa rangi, sasa kimya. Mwongozaji analazimika kuamua Helena anakaaje kwenye kiti chake: ameridhika, au anamchungulia mume aone kama bado. Niliwahi kuona mwigizaji aliyeshika mkono wa Demetrius kipindi chote bila kuuachia, na hiyo kwangu ilikuwa tafsiri sahihi, kwa sababu Helena ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba mapenzi hayatazami kwa macho. Ameujua udhaifu wa macho ya Demetrius tangu mwanzo, na amemtaka hivyo hivyo.

#13 Mwalimu wa Fasihi

Kuhusu ukimya wa Helena nakubali. Kuhusu Demetrius bado nakupinga. Na mkichukua toleo la 1623 mtakuta mzee Egeus yumo kwenye sherehe, amepewa maneno ambayo toleo la 1600 lilimpa Philostrate, msimamizi wa burudani. Katika toleo la 1600 baba haonekani harusini. Katika la 1623 anakuja, analeta orodha ya michezo mbele ya binti aliyetaka auawe. Hilo nalo tulijadili, maana msamaha wake hakuna ua lililouleta.

#14 Binti wa Bandarini

Msamaha gani, Mwalimu? Onyesha mstari anapoomba radhi.